PINDO LA KIOO CHA RANGI



Twaeni kanga moja, mwitandaze juu ya mkeka. Katikati mtaona mji. Chini ya mji mtaona jina. Kuzunguka pande zote nne mtaona pindo. Jioni moja tuliwauliza wanakisomo wetu: kanga isiyo na pindo ni kanga? Bibi mmoja wa safu ya nyuma hakungoja kunyosha mkono. "Hicho ni kitambaa tu, mwalimu," alisema. Darasa zima likacheka, lakini alisema kweli.

Leo tutazungumza juu ya pindo la namna nyingine, yaani pindo la picha ya vioo vya rangi. Baadhi yenu mmeziona picha hizo katika makanisa makubwa. Ukiingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam, utaziona madirishani nyuma ya altare. Jua likipiga kutoka nje, rangi nyekundu, buluu na manjano humwagika ndani.

Wengine hudhani kwamba picha hizo zimechorwa juu ya kioo kimoja kikubwa. Sivyo. Picha moja ni vipande vingi vidogo, na kila rangi ni kioo chake. Rangi yenyewe iliingia kiwandani, kioo kilipokuwa bado uji wa moto. Wakitia madini ya kobalti, kioo huwa cha buluu. Wakitia shaba, huwa cha kijani au chekundu, kwa kadiri ya moto ulivyotawaliwa. Fundi hukata vipande, huvipanga mezani kwa kufuata mchoro, kisha huviunganisha kwa madini. Ile mistari myeusi mnayoiona kati ya rangi na rangi ndiyo madini yenyewe. Sisi tunaiita mishono.

Tungeweza kuanza somo letu na ukataji wa kioo, maana ndiko kazi inakoanzia. Lakini tunaanza na pindo, mahali kazi inapomalizikia. Sababu yake tutaieleza sasa hivi, ingawa si jambo la kujivunia.

KULABU ZILIBAKI UKUTANI

Kikundi chetu cha mafundi kina watu 9. Wote walimaliza kisomo, wakaendelea na kazi za mikono. Waliombwa kutengeneza picha moja ya vioo ya kutundika dirishani, katika chumba cha kungojea cha zahanati ya kijiji cha jirani. Wakachora mgomba na ndege wawili. Wakakata vioo. Kila kipande wakakizungushia ukingoni utepe mwembamba wa shaba nyekundu, ambao una gundi upande mmoja. Kisha wakavipanga vipande na kuyeyusha lehemu juu ya tepe, vikashikamana. Lehemu ni ile ile anayotumia fundi redio. Picha ilipendeza kweli. Upana wake ulikuwa sentimita 40, na urefu sentimita 60.

Ilipofika zamu ya pindo, siku ya kukabidhi kazi ilikuwa kesho yake. Sisi walimu ndio tuliosema, "Pindo ni urembo. Tieni kulabu mtundike, tutarudi kulimalizia." Wanakikundi walitusikiliza kwa sababu sisi ni walimu. Wakalehemu kulabu mbili upande wa juu, moja kila pembe. Picha ikatundikwa, watu wakapiga makofi.

Wiki ya 3 ikaanguka.

Ilianguka usiku. Asubuhi vioo vilikutwa vimetapakaa juu ya benchi wanalokalia kina mama siku ya kliniki ya watoto wachanga. Na siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Tulipoletewa habari hiyo tulikaa kimya kwa muda.

"Kwani kimeanguka chenyewe?" mwenyekiti wa kikundi alituuliza. Tukaenda naye kutazama. Misumari ilikuwa imara. Minyororo haikukatika. Kulabu zote mbili zilikuwa bado zinaning'inia mahali pake, na kila kulabu imeshika kipande cha utepe wa shaba kilichobanduka kwenye kioo kama ganda la muwa. Mishono ya katikati haikuachana hata mmoja. Vioo vilivunjika kwa kuanguka tu. Kilichoachia ni ukingo.

Hapo ndipo tukapiga hesabu ambayo tulipaswa kuipiga mapema. Ipigeni nasi. Kioo cha unene wa milimita 3, chenye ukubwa wa mita 1 kwa mita 1, kina uzito wa kilo 7 na nusu. Picha yetu ilikuwa mita 0.4 mara mita 0.6, jawabu 0.24. Zidisha 0.24 kwa 7.5, utapata 1.8. Basi ni kilo 1.8 za kioo peke yake. Ongeza lehemu, inakuwa zaidi ya kilo 2. Fikirini mfuko wa kilo 2 za sukari umening'inizwa kwenye gundi ya utepe, dirishani, juani kutwa! Gundi ile kazi yake ni kuushikilia utepe mpaka lehemu ipite. Haikutengenezwa kubeba mzigo.

Kikundi kilinunua vioo vipya kwa fedha zake, nasi tukachangia. Lakini kulikuwa na shule moja iliyotaka kuagiza picha kama ile. Baada ya habari kusambaa, shule hiyo ilinyamaza.

MZEE ANAFUNGUA KITABU

Tulimtafuta mzee mmoja, fundi wa vioo aliyestaafu kazi mjini, akakubali kuja kukaa nasi kwa wiki mbili. Siku ya kwanza hakushika chombo. Alifungua kitabu cha picha akasema, "Tazameni ukingo tu. Katikati msitazame."

Picha ya kwanza ilikuwa ya mji wa Chartres, nchini Ufaransa. Kanisa kuu la mji huo lina madirisha ya vioo vya rangi zaidi ya 170. Mengi yalitengenezwa katika miaka ya 1200 hadi 1240 hivi. Matatu ya upande wa magharibi ni ya zamani zaidi, karibu na mwaka 1150. Madirisha hayo matatu yana mapindo mapana ajabu, yenye majani yaliyosokotana na mistari ya shanga. Baadaye, kadiri miaka ilivyokwenda, mafundi wa huko walipunguza upana wa pindo ili picha ya katikati ipate nafasi.

Mama mmoja aliuliza, "Hizo shanga wamezigundisha?" Mzee akasema hapana, zimechorwa. Fundi wa zamani alichukua kioo cheupe chembamba, kirefu kama rula, akakipaka chote rangi nyeusi. Kabla haijakauka sana, au hata ikikauka, alikwangua kwa kijiti duara moja, akaacha nafasi, akakwangua jingine. Palipokwanguliwa mwanga ulipita, ukaonekana kama ushanga. Kisha kioo kilitiwa katika tanuri mpaka rangi ikashikamana nacho, isitoke kwa maji wala kwa mvua ya miaka 800. Rangi yenyewe ilikuwa unga wa shaba iliyochomwa, au wa chuma, uliochanganywa na kioo kilichosagwa. Mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliandika maelezo ya kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1100. Anasema unga huo usagwe pamoja na divai au mkojo. Darasa lilicheka tena. Wanaotia ngozi dawa hawakucheka, wao wanajua kwamba mkojo una kazi.

Kuna jambo jingine la pindo la zamani ambalo macho hulipita upesi. Mwisho kabisa, pale kioo kinapokutana na jiwe la ukuta, mara nyingi utaona mstari mwembamba wa kioo cheupe kisicho na mapambo. Mstari huo una kazi mbili. Kwanza hufanya picha ijitenge na ukuta wenye giza, ionekane vizuri kutoka chini. Pili, mjengaji wa mawe naye hukosea. Tundu la dirisha likitokea dogo kidogo kuliko kipimo, fundi wa vioo hupunguza mstari mweupe, hagusi mapambo. Mshonaji mwenye akili naye huacha kitambaa cha ziada ndani ya upindo, si ndiyo?

Picha iliyotupendeza kuliko zote ilikuwa ya Paris, kanisa liitwalo Sainte-Chapelle, lililofunguliwa mwaka 1248. Lina madirisha 15 marefu sana. Aliyelijenga ni mfalme Louis wa Tisa. Mama yake, Blanche, alitoka nchi ya Castile huko Hispania, na alama ya Castile ni ngome ya rangi ya dhahabu juu ya wekundu. Basi kwenye mapindo ya vioo vya kanisa lile utaziona ngome ndogo ndogo zimepangwa, juu yake nyingine, juu yake nyingine. Hazikuandikwa neno, lakini kila mtu wa zamani zile alijua zinamtaja nani. Bibi yetu wa safu ya nyuma alisema, "Kumbe hata wao pindo lao lina jina."

Mpaka hapo tulikuwa tunasema habari za madirisha yaliyofungwa ukutani. Mafundi wa madirisha hayo hawakutumia utepe wa shaba. Walitumia fito za risasi. Tunaposema risasi hatusemi ile ya bunduki, bali madini yake: laini, mazito, yenye rangi ya kijivu. Ufito wa katikati una umbo la herufi H iliyolala ubavu, kioo kimoja huingia kushoto na kingine kulia. Ufito wa mwisho, wa pindo, mara nyingi huwa na umbo la herufi U, kioo huingia upande mmoja tu. Herufi hizo mbili mnazijua. Mkizikumbuka, mmekwisha kujua nusu ya kazi ya risasi.

Utepe wa shaba ulikuja baadaye sana. Ulitumika hasa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1800, katika karakana za Louis Comfort Tiffany mjini New York, kwa taa za mezani zenye vioo vidogo vidogo mno. Mwanamke aitwaye Clara Driscoll aliongoza huko idara ya wanawake waliochagua na kukata vioo. Taa yake ya maua ya zambarau yanayoning'inia ina vipande karibu 2,000. Pindo la chini la taa ile si mviringo ulionyooka. Linapanda na kushuka kufuata ncha za maua, kama ukingo wa mto. Kina mama wa kikundi walimwomba mzee arudie ukurasa huo mara tatu.

JINSI YA KUTIA PINDO

Sasa tushike kazi. Tunasema juu ya picha ndogo ya kutundika, iliyofungwa kwa utepe wa shaba.

Anza na upana wa utepe. Kioo kina unene wa milimita 3. Utepe unatakiwa uzunguke ukingo na kulala milimita 1 mbele na milimita 1 nyuma. 3 na 1 na 1 ni 5. Basi tafuta utepe wa milimita 5 au unaozidi kidogo. Kioo kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe kabisa. Mafuta ya vidole yakibaki, gundi haishiki. Ukimaliza kuubandika, usugue kwa kijiti kikavu mpaka ulale.

Pindo la kwanza ni la lehemu tupu. Paka dawa ya kulehemia ukingoni. Simamisha picha wima, ukingo ukitazama juu, ukiwa umeiegemeza kati ya matofali mawili yaliyofungwa matambara. Yeyusha lehemu kidogo, kama upana wa vidole viwili, acha ipoe, ndipo uendelee. Lehemu iliyoyeyuka ni kama maji, hufuata mteremko. Kwa hiyo kila sehemu unayoifanyia kazi iwe sawasawa. Upande mmoja ukiisha, geuza picha. Anayeharaka huishia na matone upande mmoja na uwazi upande wa pili. Pindo hili likifanywa vizuri huwa na mgongo wa mviringo kama waya mnene, nalo linatosha kwa kitu kidogo, kama ukubwa wa daftari la shule. Kwa picha kama ile ya zahanati halitoshi hata kidogo.

Ukitaka lipambike, yako matone. Pindo likishapoa, gusa juu yake kwa ncha ya chuma chenye tone dogo la lehemu, kisha inua upesi. Tone hubaki limesimama kama punje ya mtama. Pima nafasi, weka jingine. Utapata mstari wa shanga bila ya kununua shanga. Jizoezeni kwanza juu ya kipande cha bati, maana mkono wa siku ya kwanza huweka punje kubwa na ndogo.

Pindo la pili ni la waya uliosokotwa, na hili ndilo tulilolipenda. Twaa waya mmoja mrefu wa shaba, ukunje katikati. Funga ncha zake mbili kwenye mti au kwenye jiliwa la fundi seremala. Katikati palipokunjwa pitisha kulabu, na kulabu hiyo uifunge kwenye keekee ya mkono. Vuta ukaze, zungusha polepole. Nyaya zitasokotana kama kamba ya katani. Kadiri unavyozungusha ndivyo msokoto unavyokaza na waya unavyozidi kuwa mfupi, kwa hiyo kata waya mrefu kuliko unavyodhani. Ukishasokota, upitishie lehemu nyembamba, kisha ulaze juu ya ukingo wa picha. Ushikize kwanza kila baada ya sentimita 5 hivi. Ukiona umekaa sawa, rudi ujaze nafasi zilizobaki. Usijaze lehemu nyingi, itafunika msokoto na urembo wote utapotea.

Tafadhali sikilizeni hapa. Waya wa shaba mnaweza kuupata kwenye nyaya za umeme zilizotupwa. Vijana wetu walitaka kuzichoma moto ili plastiki itoke upesi. Msifanye hivyo. Moshi wa plastiki ile ni sumu. Chuna kwa kisu, ni kazi ya kuchosha lakini haina madhara.

Waya uliozunguka picha nzima si urembo tu. Unashika picha kama pete ya chuma inavyoshika pipa. Mzee alitaka ncha za waya zikutane upande wa juu, katikati ya mshono, zisikutane pembeni.

Pindo la tatu ni la ufito wa U, wa zinki au wa shaba ya manjano. Hili ni pindo la picha kubwa zenye pande nne zilizonyooka, kwa sababu zinki ni ngumu, haipindi kama risasi. Pembe hukatwa kwa mshazari, kama pembe za fremu ya picha ya ukutani, zikakutana bila ya uwazi. Kila mshono wa ndani unapofika kwenye ufito, ulehemu hapo mbele na nyuma. Zinki hainyumbuki, basi kwa pindo la mawimbi rudi kwenye waya.

Lipo pia pindo la vipande. Hapo fundi huzungushia picha yake mstari wa vioo vidogo, au vioo vya chupa vya kahawia na kijani. Watu wa pwani wana bahati: bahari huvisugua vipande vya chupa mpaka vinakuwa laini kama kokoto, na vimelala ufukweni bure. Kila kimoja kifungwe utepe wake na kilehemiwe mahali pasipopungua pawili, kwa jirani yake na kwa picha. Kilichoshikwa mahali pamoja kitazunguka na kung'oka. Kwa maoni yetu pindo hili linachosha macho likitiwa kwenye picha yenye mambo mengi. Linafaa picha tulivu.

Wapo wasiopenda weupe wa lehemu. Mkulima wa kahawa anaujua mrututu, yale mawe ya buluu ya kuulia ukungu. Maji ya mrututu yakipakwa kwenye lehemu iliyosafishwa vizuri, huipa rangi ya shaba. Vaa glavu. Usichanganye katika chombo cha jikoni, na maji yanayobaki usiyamwage kisimani wala mtoni, yanaua samaki.

Sasa kulabu. Kulabu isishikizwe juu ya utepe wa ukingo peke yake. Tafuta mahali ambapo mshono wa ndani unapanda mpaka kufika ukingoni, weka kulabu hapo, na mkia wake ushuke ndani ya mshono huo kiasi cha sentimita 2 au 3, ulehemiwe wote. Hapo mzigo unabebwa na mshono, haubebwi na gundi. Kama mchoro wako hauna mshono unaofika juu mahali panapofaa, badilisha mchoro kabla ya kukata kioo hata kimoja. Kwa pindo la zinki, waya wa kulabu upite ndani ya mfereji wa fito za ubavuni, maana ukivuta ufito wa juu peke yake utang'oka. Tumia mnyororo mwembamba au waya.

Na kama picha ni ya kujengewa ukutani, habari ni nyingine. Pindo lake huwa la risasi pana, na kati ya kioo na ukuta huachwa nafasi kidogo, kwa sababu vitu hutanuka kwa joto. Nafasi hiyo huzibwa kwa puti au chokaa. Dirisha kubwa huwekewa nondo nyembamba za kulishikilia lisitunishwe na upepo. Nondo zikipata kutu huvimba na kupasua jiwe, basi zipakwe rangi au ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Wako pia wanaoacha risasi na shaba kabisa. Wanapanga vipande vinene vya kioo na kumimina zege katikati yake, na ukingo wa picha unakuwa zege yenyewe. Njia hiyo ilianza Ufaransa katika karne ya 20. Kwa jirani zetu wa Kenya, karibu na Nairobi, kiko kiwanda cha vioo cha Kitengela kilichoanzishwa na Nani Croze, nao wamefanya kazi ya namna hiyo kwa kutumia vioo chakavu.

RISASI NI SUMU

Mzee alituonyesha mikono yake kila mara kabla ya kula. Hakuwa anaringa. Risasi ni sumu, na lehemu ya kawaida ina risasi ndani yake: ile iitwayo 60 kwa 40 ina sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Huingia mwilini kwa mdomo na kwa vumbi, ikakaa ndani ya mifupa. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mama mjamzito hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa hiyo kikundi chetu kiliweka sheria. Hakuna kula wala kuvuta sigara mezani. Hakuna kulehemu jikoni, wala ndani ya nyumba wanakolala watoto. Madirisha yote wazi, maana moshi wa dawa ya kulehemia hukera mapafu. Mikono huoshwa kwa sabuni, si kwa maji tu. Nguo za kazi hubaki karakanani, na meza hufutwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi ikiwa kavu. Mama mmoja alikuwa mjamzito. Alibaki na kazi ya kuchora na kuchagua rangi, mbali na karakana, na wala hakupunguziwa fungu lake la malipo. Wanaume wawili walinung'unika, mwenyekiti akawauliza kama wao wangeweza kuchora ndege yule. Iko pia lehemu isiyo na risasi. Ina bei, na inataka moto zaidi, lakini mkiweza kuipata inunueni.

PICHA YA PILI

Ilichukua miezi miwili. Mgomba ni ule ule, ndege ni wale wale wawili, ila sasa mishono miwili inapanda moja kwa moja mpaka juu, mmoja kwenye jani la mgomba na mwingine kwenye tawi. Kulabu ziko hapo. Pindo ni waya uliosokotwa, na ndani yake mstari wa vioo vya kijani na kahawia vya chupa.

Kabla ya kuipeleka tuliitundika karakanani, tukafunga chini yake mfuko wa mchanga wa kilo 4, tukaiacha siku 7. Haikusogea. Muuguzi wa zahanati alikuja kuitazama mwenyewe, akaushika mfuko akauvuta kidogo, ndipo akakubali ipelekwe. Benchi la kina mama limehamishiwa ukuta wa pili hata hivyo, na hatukumlaumu. Kila mwezi mtu mmoja wa kikundi huenda kuzikagua kulabu na kuandika tarehe katika daftari.

Bibi wa safu ya nyuma alikwenda kuiona siku ya kwanza. Aliupapasa waya wa pindo kutoka pembe hadi pembe, akatazama chini ya mgomba, akauliza jina liko wapi. Tulikuwa hatukufikiria jina. Sasa kikundi kimeacha kipande cheupe kwa ajili hiyo katika picha ya tatu, na mpaka tunapeleka makala hii kwa mhariri, bado wanabishana waandike nini.